Maua ya Hina Juu ya Fondanti, Bila Penseli

Keki yangu ya kwanza ya harusi niliichafua kwa penseli. Nilikuwa nimechora maua ya hina kwenye karatasi, nikaigeuza na kuikandamiza juu ya fondanti nyeupe, lile tabaka laini la sukari iliyokandwa linalofunika keki, ili mistari ihamie, nayo ikahamia kweli, ya kijivu, kiasi kwamba aisingi ya kahawia haikuweza kuifunika yote. Wapo wanaosema penseli ina risasi. Haina, kwani cheusi kile cha ndani ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, lakini hicho nacho si chakula cha kuwapa wageni wa watu.

Siku hizi ninaweka karatasi mbili za kuokea juu ya taulo lililokunjwa, yenye mchoro juu na safi chini, kisha ninazitoboa zote pamoja kwa sindano kufuata mistari. Ya juu ninaitupa, na sindano inarudi kwenye kasha lake kabla keki haijaletwa mezani, kwa sababu chuma chembamba kikizama kwenye keki hakipigi kelele. Karatasi safi ndiyo ninayoilaza juu ya fondanti ambayo bado ni laini, nikipitisha ncha ya kijiti cha meno katika kila tundu. Hubaki vitone visivyoonekana mpaka uinamishe kichwa na kuviangalia kwa mwanga wa pembeni. Nikikosea, ninasugua kwa kidole chenye konfulawa kidogo.

Kalamu ya wino unaoliwa hutaka kinyume chake: fondanti ikauke usiku kucha, la sivyo ncha huzama na wino hutambaa. Huku pwani keki iliyotoka kwenye friji hutoka jasho, kwa hiyo usiiguse kwa kalamu mpaka ikauke.

Kinachonitisha zaidi ni vumbi la kung'aa linalopakwa keki kuipa rangi kama ya dhahabu. Mwaka 2018 katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto sita walitapika baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa vumbi hilo, na uchunguzi ukakuta shaba nyingi. Kopo likiandikwa tu kwamba halina sumu, haimaanishi kuwa kilichomo kinaliwa. Lazima liseme hivyo waziwazi na lioneshe viambato. Kopo langu la zamani la dhahabu nilimpa jirani anayepamba kadi za mwaliko.