Nilivyomsoma Salme mara mbili

Mara ya kwanza nilimsoma Salme binti Said, mtoto wa sultani wa Zanzibar, kama ninavyosoma hadithi za mapenzi: nimelala chali, simu juu ya pua, chaji inaelekea kuisha. Kumbukumbu zake, alizozitoa kwa Kijerumani mwaka 1886, zina kila kitu. Kuna jumba la Mtoni, Unguja, alikozaliwa mwaka 1844, tausi na paa wakirandaranda uani. Kuna binti wa sultani anayejifunza kuandika kwa siri, maana wasichana walifundishwa kusoma tu. Alinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia mpaka mkono ukazoea. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua Sultani Majid, kaka yao mwingine, binti huyo wa miaka 15 ndiye aliyekuwa karani wa njama. Nilimaliza kwa siku nne, na pale alipotoroka mwaka 1866, mjamzito, nililia.

Aliyeniharibia raha ni bibi. Jioni moja nilimsomea, huku nikitafsiri, pale Salme anapoeleza wakubwa walivyolala: mjakazi mmoja akanda miguu, mwingine apepee mpaka usingizi uje. Bibi alikuwa anachagua mchele. Hakuinua hata uso.

"Na huyo wa kupepea, alilala saa ngapi?"

Nikarudi ukurasa wa kwanza na daftari. Nilichora safu nne: aliyoyaona mwenyewe, aliyoyasikia, anayoyatetea mbele ya Wajerumani, na ya bibi, yaani nani yumo chumbani na hasemi. Ya kwanza ilijaa upesi: mapishi, mavazi, Idi. Hapo namwamini sana, ingawa alikuwa ameondoka karibu miaka 20. Ya tatu ilinitia hasira. Sura yake ya utumwa inawaambia Wazungu wanatia chumvi. Na mama yake mzazi, Mcherkesi wa milima ya Kaukazi, alitekwa akiwa mtoto! Daftari nililitupa uvunguni wiki nzima. Halafu nikakumbuka anaandika akiwa mjane ugenini Ujerumani, kwao kunadharauliwa. Hasira ilipungua kidogo. Kidogo tu.

Safu ya nne karibu haina majina. Ina wapepeaji, wakandaji, wabeba taa za usiku. Bibi huniuliza tumefika wangapi. Juzi nikamwambia arobaini na mmoja.

"Hesabu tena," akasema. "Umemsahau anayefua."