Mionzi Ikipigwa Hapa, Uvimbe Ukanywea Kule

Tiba ya mionzi ni tiba ya mahali: uvimbe unaolengwa ndio unaopigwa, na uvimbe ulio mbali hautarajiwi kubadilika. Ndiyo maana nimevutiwa na visa ambavyo uvimbe usioguswa na mionzi ulinywea pamoja na ule uliolengwa. Mwaka 1953 mtafiti Mwingereza R. H. Mole aliliita tukio hilo abskopali, jina aliloliunda kwa neno la Kilatini lenye maana ya “mbali na” na la Kigiriki lenye maana ya “shabaha”.

Si kwamba mionzi husafiri mwilini. Seli za saratani zinapokufa kwa mionzi humwaga protini zake pamoja na ishara za hatari. Seli dendritiki, ambazo ni walinzi wa kinga ya mwili, huziokota na kuzipeleka kwenye tezi za limfu, na huko seli T, yaani askari wa kinga, hufundishwa kuzitambua protini hizo. Seli T hizo huzunguka na damu, kwa hiyo zinaweza kuushambulia uvimbe wenye alama zilezile popote ulipo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba panya wasio na seli T hawakupata nafuu hiyo.

Hata hivyo, mapitio ya mwaka 2016 yalikusanya visa 46 tu vilivyoripotiwa tangu 1969 hadi 2014, idadi ndogo mno ukikumbuka wingi wa wanaopigwa mionzi duniani. Uvimbe una mbinu zake za kuzifunga breki seli T, na hapo ndipo dawa za kuondoa breki hizo zilipoleta matumaini: mwaka 2012 iliripotiwa habari ya mgonjwa wa melanoma (aina ya saratani ya ngozi) aliyekuwa akitumia ipilimumabu, mojawapo ya dawa hizo, ambaye baada ya kupigwa mionzi kwenye uvimbe ulio karibu na uti wa mgongo, uvimbe wake wa kwingineko nao ulinywea.

Mimi kisa kimoja hakinitoshi, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuchelewa kufanya kazi, na huenda yenyewe ndiyo iliyounywesha uvimbe. Katika jaribio la saratani ya kichwa na shingo lililochapishwa mwaka 2021, kuongeza mionzi juu ya nivolumabu, dawa nyingine ya kuondoa breki, hakukuleta tofauti ya kuaminika katika uvimbe usiopigwa. Huenda kipimo cha mionzi nacho kina lake: katika maabara, dozi kubwa mno kwa mkupuo mmoja huamsha kimeng’enya Trex1, ambacho huvila vipande vya DNA ambavyo vingeiamsha kinga.