Daktari aliponyamaza

Nimetoka kliniki sasa hivi, jeli bado inanata tumboni.

Wa karibu mnajua: kipimo cha damu cha miezi ya mwanzo kilitoa uwezekano wa 1 kati ya 140 kwamba mtoto ana hali ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayoathiri ukuaji wa mwili na akili). Tangu hapo usingizi wangu ni wa kuiba.

Leo ilikuwa ultrasound kubwa, ile ya wiki ya 18 hadi 22. Wanakagua kiungo kimoja kimoja: ubongo, uti wa mgongo, midomo, figo. Daktari alikuwa mchangamfu kweli, mpaka alipofika kwenye moyo.

Akanyamaza.

Jamani, kimya kile! Skrini niliiacha, nikabaki kusoma nyusi zake. Kumbe anatafuta vyumba vinne vya moyo, na mishipa miwili mikubwa inavyopishana.

"Amejikunja huyu, ndiyo maana nachelewa. Moyo uko sawa."

Mume wangu akashusha pumzi hadi muuguzi akacheka.

Ila hatujamaliza. Picha nzuri hupunguza wasiwasi, haiondoi Down. Jibu la uhakika liko kwenye maji ya uzazi, yanayochukuliwa kwa sindano kuanzia wiki ya 15, na sindano hiyo ina hatari ndogo ya mimba kutoka. Mama mkwe yeye anarudia tu kwamba 139 hawana (Mungu ambariki).

Mliochomwa, na mliokataa: mliamuaje? Niandikieni hapa au faragha.

Hadithi za kutisha kaeni nazo kwanza, tafadhali.