Kioo cha 4K kimefika sebuleni, video ya 4K bado iko njiani

Ukiingia leo duka la elektroniki Kariakoo au Luthuli Avenue ukaomba TV ya inchi 55, utauziwa ya 4K hata kama hukuitaja. Zenye vioo vya 1366×768 au 1920×1080 zimebaki zaidi kwenye inchi 32 na kushuka. Kwa hiyo ukisema 4K imechelewa kupokelewa, muuzaji atakuonyesha rafu zake na atakuwa na haki. Sasa mfuate mnunuzi hadi nyumbani uangalie kinachopita kwenye kioo hicho: taarifa ya habari kutoka king'amuzi, mpira wa HD, YouTube iliyojishusha hadi 720p kwa sababu mtandao umesuasua. Kioo kimebadilika, picha ni ileile ya miaka yote.

Hesabu ni hii. 4K ya majumbani ni 3840×2160, yaani pikseli (nukta za picha) 8,294,400. Full HD (1920×1080) ni 2,073,600, robo yake kamili. Picha ya SD ya 720×576, ambayo bado ipo kwenye chaneli nyingi za ving'amuzi vya antena, ni pikseli 414,720, sehemu moja ya ishirini. Maana yake, katika kila pikseli ishirini za kioo, moja tu ndiyo imetumwa. Kumi na tisa chipu ya TV imezibuni yenyewe. Ndiyo sababu aliyetoka kwenye TV ndogo ya zamani akahamia inchi 55 hulalamika kwamba picha imekuwa na ukungu. TV yake haina ubovu wowote. Ukungu ulikuwapo tangu zamani, ila kioo kidogo kiliuficha.

Hilo lina dawa kiasi. Ondoa nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe, uweke waya wa HDMI, kwa kuwa waya wa njano haubebi zaidi ya SD hata chaneli ikiwa ya HD. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, chagua 1080i au 1080p. Kisha nenda kwenye TV, sehemu ya ukubwa wa picha, utafute Just Scan, Fit to Screen au 1:1, kutegemea chapa. TV nyingi hutoka kiwandani zikikata kingo za picha kidogo na kuivuta iliyobaki ijaze kioo, na mvuto huo huvuruga hata picha iliyokuja safi. Sharpness nayo ishushwe karibu na sifuri, isipokuwa kwenye Sony, ambako 50 ndiyo katikati isiyogusa picha.

Vioo vilitangulia kwa sababu za kiwandani. Mwaka 2012 Sony iliuza TV yake ya 4K ya inchi 84 Marekani kwa karibu dola 25,000. Mwaka uliofuata chapa ya bei nafuu ya Seiki ikatoa ya inchi 50 kwa chini kidogo ya dola 1,500. Baadaye vikaja viwanda vya kioo vya kizazi cha 10.5, kama cha kampuni ya BOE mjini Hefei, China, kinachotumia bamba la kioo la milimita 3370 kwa 2940. Bamba moja hutoa TV nane za inchi 65. Gharama kubwa iko kwenye bamba, mitambo na taa za nyuma. Kuongeza pikseli juu ya bamba lilelile huongeza kidogo tu. Viwanda vikaacha kutengeneza Full HD kwenye saizi kubwa, na mnunuzi hakuulizwa. Kwa hiyo idadi ya TV za 4K zilizouzwa haituambii watu wangapi waliitaka 4K.

Waliowahi kununua ndio walioumia zaidi. Hiyo Seiki ilitumia HDMI 1.4, inayopitisha 4K kwa fremu 30 tu kwa sekunde. HDMI 2.0 yenye gigabiti 18 kwa sekunde, inayofikisha fremu 60, ilitoka Septemba 2013. Netflix ilipoanza kutuma 4K mwaka 2014 ilitumia kodeki (njia ya kubana video) ya HEVC, na TV nyingi za awali hazikuwa na chipu ya kuisoma. Ukija na kifaa cha nje, kinadai HDCP 2.2, ulinzi wa kuzuia kunakili picha, nao TV hizo hazikuwa nao. Kioo kilikuwa na pikseli zote milioni nane, lakini mlango wa kuziingiza ulikuwa mwembamba au umefungwa.

Upande wa wanaotengeneza picha ni mgumu zaidi. Gari la matangazo la HD hupitisha picha ya kila kamera kwenye waya mmoja wa karibu gigabiti 1.5 kwa sekunde. 4K ya fremu 50 au 60 inataka karibu gigabiti 12: ama nyaya nne za 3G (gigabiti 3 kila mmoja) kwa kila kamera, ama mfumo mpya wa 12G wa waya mmoja. Hapo unabadilisha kamera, mchanganyaji wa picha, mashine za marudio, diski za kuhifadhia, kila kitu kwa pamoja. Kombe la Dunia la 2014 lilikuwa na mechi tatu tu zilizotengenezwa kwa 4K, fainali ikiwemo. Mwaka 2018 zikawa zote 64. Hata hivyo kutengenezwa si kumfikia mtazamaji: stesheni ya kawaida hupokea HD na kurusha HD au SD. Filamu nazo zina siri yao. Nyingi za miaka ya 2010 zilikamilishwa kwa 2K, yaani upana wa pikseli 2048, kwa sababu kila fremu ya athari maalumu ikifanywa kwa 4K ni mara nne ya kazi ya kompyuta. Nakala ya 4K unayoilipia mara nyingine imekuzwa kutoka hapo. Kinachoipendezesha ni HDR, ile rangi pana na mng'ao, wala si pikseli, na TV ya bei nafuu yenye mng'ao wa niti 300 (niti ni kipimo cha mwangaza) haiwezi kuionyesha HDR hiyo ipasavyo.

Kisha bando. Netflix inapendekeza megabiti 15 kwa sekunde kwa 4K, YouTube 20. Kwa matumizi, Netflix yenyewe inataja hadi GB 7 kwa saa kwa 4K na hadi GB 3 kwa HD. Filamu ya saa mbili ni GB 14. Mwenye bando la GB 10 hafiki mwisho wa hadithi. Mwenye faiba ya nyumbani isiyo na kikomo anaweza, mradi familia nzima isiwe mtandaoni kwa wakati uleule. Juu ya hapo 4K iko kwenye kifurushi ghali kuliko vyote vya Netflix. Ni uchaguzi wa busara kabisa kwa mtu kubaki na HD.

Tuseme una mtandao, una kifurushi, na bado una shaka. Fungua video ya 4K kwenye YouTube ya TV, bonyeza alama ya gurudumu la mipangilio, washa Stats for nerds. Soma mstari wa Current / Optimal Res: namba ya kwanza ndiyo inayochezwa sasa. Soma na mstari wa kodeki: vp09 au av01 ni sawa, ukiona avc1, hiyo si 4K, kwa kuwa YouTube haitumii kodeki hiyo kupita 1080p.

Kosa likiwa kwenye kiboksi cha Android, liangalie kwa makini. Neno 4K au 6K lililochapwa kwenye boksi linahusu uwezo wa chipu kutoa picha. Huduma za kulipia zinataka pia idhini ya Widevine L1, ngazi ya juu ya ulinzi wa video dhidi ya wizi, na viboksi vingi vya bei ya chini vina L3, ngazi ya chini, kwa hiyo Netflix huvipa SD tu. Utaona menyu kali kama wembe na filamu yenye ukungu. Programu ndogo ya bure ya DRM Info itakuonyesha ni L1 au L3 kabla hujalipa, muuzaji akikubali kukiwasha kiboksi. Projekta ndogo nazo ni zilezile: «inakubali 4K» maana yake inapokea mawimbi ya 4K kisha inayapunguza hadi 720p au chini. Ulizia namba ya «native», yaani pikseli halisi za projekta yenyewe.

Kwa HDMI, TV nyingi huja na mlango uliopunguzwa nguvu. Samsung huita mpangilio huo Input Signal Plus, LG huita HDMI Ultra HD Deep Colour, Sony ni Enhanced format. Uwashe kwa mlango ule uliochomeka kifaa. Picha ikianza kuwa na vidoti vya kumetameta, au kioo kikawa cheusi sekunde mbili tatu kisha kikarudi, waya umeshindwa. Tafuta wenye lebo ya Premium High Speed na usizidi mita 5. Wanaotumia flashi wana tatizo jingine: faili la GB 15 linakataa kuingia ingawa flashi ni ya GB 64. Flashi hiyo imeformatiwa kwa mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili linalofikia GB 4. Hamisha vilivyomo, iformati kwa exFAT au NTFS, unakili tena.

Japani ilijaribu kuondoa vikwazo vyote hivi kwa mpigo, tena kwa 8K, pikseli milioni 33. NHK, shirika la utangazaji la nchi hiyo, ilianza utafiti mwaka 1995, na chaneli yake ya BS8K ikaanza kuruka kwa setilaiti tarehe 1 Desemba 2018. Maudhui yalikuwapo, kodeki ilikuwapo, masafa yalikuwapo. Lakini chaneli hiyo ilipangwa kwenye mawimbi yanayozunguka kushoto, na madishi ya zamani yalipokea ya kulia tu. Mwenye nyumba alitakiwa kubadili dishi, kisha kigawanyo, kikuza mawimbi na soketi za ukutani, ili vyote vipitishe masafa hadi megahezi 3224. TV zilizokuwa zimeuzwa kama za 4K hazikuwa na chombo cha kupokea matangazo hayo, zikahitaji kiboksi cha pembeni. Kiboksi cha 8K cha Sharp kiliunganishwa na TV kwa nyaya nne za HDMI kwa wakati mmoja. Yote hayo kwa chaneli moja yenye vipindi vya takriban saa 12 kwa siku. Sony ilitoa TV yake ya mwisho ya 8K mwaka 2022.

Na jicho lenyewe halikuwahi kuidai. Jicho zima hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwenye inchi 55, pikseli ya Full HD ina upana wa milimita 0.63, na jicho huacha kuiona ukiwa umbali wa mita 2.2. Inchi 43 ni mita 1.7, inchi 65 ni mita 2.6, inchi 75 ni karibu mita 3. Pima kochi lako. Likiwa mita 3 kutoka kwenye inchi 55, kama sebule nyingi zilivyo, Full HD nzuri na 4K zitafanana, na 8K ingekutaka usogee chini ya mita 1.1 kutoka kwenye kioo ili uitofautishe na 4K.

Ndiyo maana naamini mahali pa kweli pa 4K kwa sasa ni mezani. Kwenye monita ya inchi 27 ya Full HD pikseli zinaonekana hadi mita 1.07, na mtu hukaa sentimita 60. Herufi za 4K hapo zinatulia kama zilizochapwa, na chanzo ni kompyuta yako, hakuna bando wala stesheni. Weka ukuzaji wa 150% kwenye Windows. Ukiona kishale cha mausi kinarukaruka, fungua Settings, System, Display, Advanced display: ikisomeka 30 Hz, kosa ni la habu ya USB-C inayogawa njia zake kati ya picha na data. Iruke, tumia waya wa USB-C kwenda DisplayPort moja kwa moja, kisha chagua 60 Hz palepale.