Vitabu vya mchumi: soma viwiliviwili

Ukitaka kuielewa bandari, soma kwanza Kuli, riwaya ya Adam Shafi, halafu The Box ya Marc Levinson. Usianze na Levinson. Yeye anaandika habari za kontena, na katika hesabu zake mpakiaji wa melini ni gharama inayosubiri kupunguzwa. Aliyekwisha kukaa na Rashidi na makuli wenzake wa Unguja hadi mgomo wa mwaka 1948 atazisoma hesabu hizohizo kwa jicho jingine.

Huo ndio usomaji ninaoupendekeza kwa mchumi, na kwa yeyote anayetaka kufikiri kiuchumi bila kupitia milinganyo: vitabu viwili juu ya jambo moja, kimoja cha masimulizi na kimoja cha hesabu, na swali moja la kuvibana vyote viwili. Mambo yakiharibika, hasara inamwangukia nani?

Turudi bandarini. Sura ya pili ya The Box ina habari za meli iitwayo Warrior, na hizo kurasa chache zinatosha kulipia bei ya kitabu. Mwaka 1954 meli hiyo ilibeba tani 5,000 na ushee kutoka Brooklyn hadi Bremerhaven, Ujerumani, na watafiti wakahesabu kila kilichopanda: vipande 194,582. Makasha, magunia, mapipa, marobota, hata magari. Safari nzima iligharimu dola 237,577. Kuvuka Atlantiki kwenyewe kulichukua asilimia 11.5 tu ya fedha hizo. Kupakia na kupakua katika bandari mbili kulimeza karibu asilimia 37. Kwa maneno mengine, bahari ilikuwa rahisi na gati ndilo lilikuwa ghali. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Aprili 1956, meli ya Ideal-X iliondoka Newark kwenda Houston na makontena 58, na gharama ya kupakia tani moja ikawa chini ya senti 16, wakati mzigo wa kawaida mwaka huo ulikuwa dola 5.83 kwa tani.

Hapo ndipo wasomaji wengi hujikwaa. Wanaichukua hiyo 5.83 na hizo senti 16, kisha wanatangaza kwamba nauli ya meli ilishuka kiasi hicho. Sivyo. Ni gharama ya kupakia tu, na Levinson mwenyewe anakiri kwamba takwimu za nauli halisi za miaka iliyofuata ni haba, tena zimevurugwa na kupanda kwa bei ya mafuta miaka ya 1970. Ukinukuu, nukuu hadi mwisho wa sentensi.

Sasa lete lile swali. Kuli wa kibarua hulipwa siku kuna meli. Meli isipofika, hasara ni yake na ya watoto wake. Mwenye meli hapotezi kitu. Kontena likageuza mzani huo: meli na winchi za mabilioni zikisimama siku moja, mwenye mtaji ndiye anayeumia, kwa hiyo anaihama bandari inayochelewesha. Gati za zamani za London zilikufa, bandari isiyojulikana ya Felixstowe, Uingereza, ikakua. Ukipata nafasi ya kitabu cha tatu, ongeza On the African Waterfront cha Frederick Cooper, kilichotoka 1987. Ni historia ya Mombasa, na inaonyesha kwa nini baada ya migomo ya 1939 na 1947 serikali ya kikoloni iliyokuwa imezoea vibarua ilianza kutaka wafanyakazi wa kudumu. Kibarua anayeweza kufanya kazi siku chache kwa mwezi na bado akaishi ni mtu mgumu kutishwa.

Jozi ya pili ni ya deni. Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994) ipo kwa Kiswahili tangu 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf anadhani anakwenda pwani kukaa na ami yake Aziz, kumbe ni malipo ya deni la baba yake. Baada ya hapo chukua Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Msome kama unavyosoma taarifa ya fedha ya kampuni: anakopa kwa nani, bidhaa gani, pembe inauzwa kiasi gani kwa frasila (kipimo cha uzito cha zamani), anarudi baada ya muda gani. Jina la Taria Topan, tajiri wa Unguja aliyemkopesha, ni la kulipigia mstari. Biashara ya msafara ilikuwa mkopo mrefu usio na uhakika wa kurudi, na kila aliyekopeshwa alitafuta wa chini yake wa kumsukumia hatari. Mwisho wa mnyororo huo ni mtu kama Yusuf, asiye na wa kumsukumia. Tahadhari moja: Tippu Tip husema mengi kuhusu bei na machache sana kuhusu watu waliobebeshwa mizigo au kuuzwa. Riwaya inayajaza mapengo hayo, ila usiitumie kama ushahidi wa tarakimu.

Kuhusu fedha za watu wa kipato kidogo, hapa riwaya zinapumzika. Vitabu viwili vya hesabu vina masimulizi ya kutosha ndani yake. The Poor and Their Money cha Stuart Rutherford ni chembamba. Ndani yake yumo mama mmoja wa Vijayawada, India, anayeitwa Jyothi, anayepita nyumba kwa nyumba kukusanya akiba. Mteja ana kadi yenye vyumba 220. Kila chumba ni rupia 5 za siku moja, kwa hiyo kadi ikijaa ni rupia 1,100. Jyothi anarudisha 1,000 na kubaki na 100.

Fanya hesabu kwa mkono, usiruke. Akiba inaanza sifuri na kuishia 1,100, kwa hiyo wastani wa fedha zilizokuwa kwa Jyothi ni 550. Mteja amelipa 100 juu ya 550, sawa na asilimia 18 hivi. Lakini siku 220 ni 0.6 ya mwaka. Gawanya, unapata asilimia 30 kwa mwaka. Mtu analipa riba ya asilimia 30 ili atunziwe fedha zake! Mchumi wa darasani atasema ni ujinga. Rutherford anauliza swali bora: mwenye akiba angezipeleka wapi kwingine, na nyumbani zingedumu siku ngapi?

Ukishaelewa hapo, Portfolios of the Poor (2009), ambacho Rutherford alikiandika pamoja na Daryl Collins, Jonathan Morduch na Orlanda Ruthven, kitasomeka chenyewe. Kaya zaidi ya 250 za Bangladesh, India na Afrika Kusini zilifuatiliwa kwa takriban mwaka mzima, zikitembelewa kila wiki mbili hivi, na kila kilichoingia na kutoka kikaandikwa. Wanaosoma kwa pupa huangalia salio la mwisho, wakaona kidogo, wakafunga. Angalia mzunguko. Salio ni dogo, lakini fedha zilizopita mikononi mwaka ule ni mara nyingi zaidi, na kila njia ya kuzipitisha ina bei yake.

Kisha uchukue upatu ulioko mtaani kwako uupime vivyo hivyo. Watu 10, kila mmoja 20,000 kwa wiki. Anayepokea wa kwanza amepewa 200,000 baada ya kutoa 20,000: ni mkopaji wa 180,000 bila riba. Wa kumi ni mweka akiba asiyepata hata senti ya faida, na bei zikipanda katikati analipa yeye. Wa kwanza akitoweka, hasara ni ya walio nyuma. Ndiyo maana kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, mwenye akili huwatanguliza wazoefu na kuwaweka wageni mkiani.

Poverty and Famines cha Amartya Sen (1981) huwashinda wengi kwa sababu wanakisoma kuanzia mwanzo. Sura ya pili na ya tatu ni za kupima umaskini, na ya tatu hasa ni ya wataalamu. Anza na sura ya sita, njaa kuu ya Bengal, India ya wakoloni, ya 1943, kisha urudi kwenye ya kwanza na ya tano. Hoja yake inakaa kwenye tarakimu mbili: chakula kilichokuwapo Bengal mwaka 1943 kilikuwa pungufu kwa asilimia 5 tu ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, na kilikuwa asilimia 13 zaidi ya mwaka 1941, ambao haukuwa na njaa. Kilichoporomoka ni uwezo wa kukipata: mvuvi, kinyozi na kibarua wa shambani walikuta kazi yao inanunua mchele kidogo mno. Wapo wachumi waliobishia takwimu hizo za mavuno, na ubishi huo ni wa haki, kwa sababu makadirio ya mavuno ya wakoloni hayakuwa imara. Jedwali la Sen la ubadilishanaji wa kazi kwa mchele, yaani ujira unanunua mchele kiasi gani, linabaki na uzito wake hata ukiwakubalia wabishi nusu ya hoja.

Jozi ya ujamaa nitaipitia haraka: Gamba la Nyoka, riwaya ya Euphrase Kezilahabi (1979), kisha sura ya vijiji vya ujamaa vya Tanzania katika Seeing Like a State cha James C. Scott (1998). Watu wanaomtumia Scott kuitukana serikali peke yake hawakusoma utangulizi, kwani humo anasema wazi kwamba soko kubwa nalo hurahisisha na kusawazisha watu.

Jinsi ya kuandika unaposoma: safu tatu, bei, kipimo, wakati. Kosa kubwa ni kubadilisha bei ya zamani kuwa shilingi za leo kwa kiwango cha benki. Unapata tarakimu isiyo na maana. Badilisha kuwa siku za kazi. Frasila moja ya pembe ni ujira wa kibarua wa siku ngapi? Pishi ya mtama je? Na kabla ya hapo hakikisha kipimo, maana frasila ilikuwa ratili 35 hivi lakini vipimo vya nafaka vilitofautiana mji kwa mji. Kama mwandishi hasemi ni pishi ya wapi, acha safu hiyo wazi.

Vitabu vya saikolojia ya uchumi visome kwa penseli ya risasi. Thinking, Fast and Slow cha Daniel Kahneman (2011) bado ni kizuri kwa sehemu kubwa, hasa kuhusu jinsi watu wanavyoiogopa hasara kuliko wanavyoithamini faida. Ruka sura ya nne, ile ya maneno na picha zinazodaiwa kuongoza mwenendo wa mtu bila yeye kujua. Majaribio mengi ya aina hiyo yaliporudiwa hayakutoa matokeo yaleyale, na Kahneman mwenyewe alikiri baadaye kwamba aliyaamini mno.

Kwa asiye na muda wa kitabu kizima, ipo makala ya R. A. Radford katika jarida la Economica la Novemba 1945, kurasa 13, juu ya uchumi wa kambi ya wafungwa wa vita. Sigara ndizo zilikuwa fedha. Walipopokea sigara za Msalaba Mwekundu bei zilipanda. Sigara zilipovutwa zikaisha, bei zikashuka. Aliyejua Kiurdu alinunua nyama kwa Masingasinga na kuwapa siagi na jamu. Isome mara mbili: ya kwanza kwa kufurahia, ya pili ukiwa na karatasi, uchore bei ya mkate dhidi ya wingi wa sigara kambini.