Hesabu ya Damu Ilipopanda

Majibu yale yalitukata maini. Baba alikuwa na leukemia sugu ya limfosaiti, saratani ya chembe nyeupe za damu, na majuma machache baada ya kuanza vidonge vya ibrutinibu, chembe nyeupe zilikuwa nyingi kuliko kabla ya dawa. Mama aliikunja karatasi akaitia mkobani.

"Daktari, mbona zinazidi?" Baba aliuliza. "Bora niache hivi vidonge."

Daktari alimpapasa shingo, kisha makwapa. "Mzee, yale matezi yako yako wapi?"

Kweli, yalikuwa yamenywea. Uvimbe uliomzuia kufunga kifungo cha shingoni ulikuwa haushikiki.

Hapo akavuta kiti. Ndani ya seli B, zile chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, alisema, mna kimeng'enya kiitwacho BTK, kinachopitisha amri kutoka kwenye utando wa seli hadi ndani: ishi, gawanyika, baki tezini. Saratani hii huishi kwa amri hizo. Ibrutinibu hujifunga kwenye sisteini ya 481 ya BTK, kiungo kimoja tu katika mnyororo wa protini hiyo, na amri zinakatika. Seli zilizokuwa zimejichimbia kwenye matezi hutoka kama wapangaji waliofukuzwa, zikamwagika kwenye damu. Ndizo maabara ilizokuwa imezihesabu. Huko nje, mbali na tezi iliyokuwa ikizilea, hazistawi.

Baadaye nilisoma kilichotangulia, na bado kinanigusa. Mwaka 1952 Ogden Bruton, daktari wa Marekani, alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyeandamwa na maambukizi kwa kuwa damu yake haikuwa na kingamwili. Jeni yenye hitilafu ilitambuliwa mwaka 1993, na kimeng'enya chake, ndicho hicho BTK, kikaitwa kwa jina la Bruton. Watoto wa namna ile, waliozaliwa bila BTK inayofanya kazi, walionyesha kwamba ikizimwa, pigo kubwa huziangukia seli B. Ndiyo maana dawa za kuizuia BTK zimefika hata kwenye magonjwa ya kinga: mwaka 2025 Marekani iliidhinisha rilzabrutinibu kwa watu ambao kinga yao huharibu chembe za kugandisha damu.

Madhara daktari hakuyaficha: kutokwa damu, mapigo ya moyo kwenda ovyo. "Lakini usiache dawa bila kuniambia, Mzee."

Baba hakuacha. Hesabu ilishuka polepole, na miezi iliyofuata, kila tukimpigia simu, alilalamikia michubuko ya mikononi tu.