Nusu ya siku Mtwara, nusu Makola

Saa 11 na nusu alfajiri nishaamka, hapa Mikindani. Chai ya rangi, muhogo wa kuchemsha, mtoto namfunga tai ya shule, afu daladala mpaka mjini, kilomita kama 10, nimesimama njia nzima.

Saa 1 na nusu nafungua meza Soko Kuu. Nauza kanga na vitenge, pembeni nna cherehani. Mpaka saa 4 nimetoa doti mbili tu, yani watu wanasubiri hela za korosho, minada ikianza Oktoba ndo kila mtu anakumbuka mkewe hana nguo.

Saa 6 mchana jua kali, wateja hamna, nachomeka earphone. Kuna kijana wa Ghana anatembea na simu sokoni Makola, Accra, anarusha laivu, huku kwetu mchana kwao ndo saa 3 asubuhi wanapanga bidhaa, na mimi siku hizi sipitishi wiki bila kumuangalia. Jamani lile soko! Wasichana wamebeba mabeseni ya chuma kichwani, wanaitwa kayayei, wengi wametoka kaskazini ya nchi wamekuja mjini kutafuta, wanapita katikati ya watu na magari wakipiga kelele "agoo! agoo!" Kijana akaeleza kwamba agoo ndo hodi yao. Nikafurahi kweli maana hapa kwetu mwenye mzigo anakwambia "pisha, mzigo huo!" hata hodi hapigi.

Akafika kwa mama mmoja muuza vitenge. Mama anashika kitambaa anataja jina lake, kingine jina lake, nikatoa mguu kwenye cherehani kabisa. Kumbe wenzetu nguo zina majina kama kanga zetu, ila zao jina haliandikwi, wanalitoa hao hao kina mama wa sokoni na nchi nzima inalifuata. Kimoja kinaitwa Ahwene pa nkasa, yani shanga nzuri hazipigi kelele. Nikasema hii si ndo debe tupu haliachi kuvuma, wameisema tu kwa upande wa pili! Miaka yote nauza kanga nikijua mambo ya kusemeana kwa nguo ni ya pwani yetu peke yake.

Afu akaonesha sehemu lilipokuwa soko lenyewe la zamani. Lilijengwa 1924, mwaka 1979 wanajeshi wakalivunja, kina mama wakaambiwa wao ndo wanaopandisha bei, pakafanywa maegesho ya magari. Niliumia. Nikaangalia meza yangu, nikawaangalia wenzangu wa nyanya na dagaa, mtu anakopa vikoba ndo anapata mzigo, halafu uje umwambie yeye ndo kapandisha bei?

Saa 8 akaja bibi mmoja wa Nanyamba. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, nataka kanga ya kumpa mkamwana wangu, asijibu majirani. Nikamtolea tatu nne akazikataa zote, nikamsimulia ile ya shanga. Akanyamaza kidogo akasema, "Hiyo ndo naitaka, unayo?" Sina bibi, hiyo iko Ghana na haina maandishi. Akachukua ya Japo sipati tamaa sikati, lakini naona kabisa hakuridhika.

Jioni nimepindia suruali mbili, nikafunga saa 12.

Saa 3 usiku mtoto kalala, narudia ile video sehemu moja tu, pale mama anapokunja. Anakunja kwa urefu mara mbili, anageuza pindo lije mbele, ua zima la kitambaa linabaki juu, anapiga kofi moja kulaza. Mimi huwa nakunja ua linaingia ndani. Nimetoa kitenge changu kabatini nimejaribu hapa kitandani, mara ya tatu kimekaa.